Kalamu Moja, Vinywa Viwili

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Naliendele, Mtwara

  

Leo hatukuja na somo la mbegu, wala la salfa ya kupulizia mikorosho. Hayo wataalamu wa utafiti wa kilimo walioko hapa hapa Naliendele wanayajua kuliko sisi. Sisi tumekuja na somo la maneno. Tunataka kuzungumza juu ya mtu anayeandika maneno ili mtu mwingine ayaseme. Tena tunataka kumtazama mtu huyo huyo anapoandika gazetini maoni yake mwenyewe.

Labda mtasema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam na Dodoma. Sisi yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana. Hebu tujiulize: mgeni rasmi anapokuja kijijini, nani anaandika risala? Zamani alitafutwa mwalimu au karani. Siku hizi mwenyekiti haendi mbali. Anabisha hodi kwa mmoja wenu aliyemaliza kisomo, anasema, "Mama, mwandiko wako unasomeka. Tuandikie risala, mgeni anakuja kesho kutwa." Basi siku hiyo wewe ni mwandishi wa hotuba. Kalamu ni yako, lakini kinywa ni cha msomaji, na maneno ni ya kijiji kizima. Kazi hiyo si ndogo, jamani. Ukikosea, kijiji kizima kimekosa kusema.

MAANA YA MANENO

Kwanza tukubaliane juu ya maana ya maneno manne.

Hotuba ni maneno anayoyasema kiongozi mbele ya watu. Mara nyingi yameandikwa na msaidizi wake. Hilo si jambo la aibu. Kiongozi ana kazi nyingi, na hotuba moja inataka hesabu, tarehe na majina mengi. Lakini akishaisoma, hotuba ni yake. Hawezi kusema baadaye, "Aliyeniandikia ndiye aliyekosea."

Risala ni maneno ya watu kwa kiongozi. Hotuba inatoka juu kuja chini, risala inatoka chini kwenda juu. Hizi mbili ni kama mtu na mwenzake wanaozungumza.

Tahariri ni maoni ya gazeti lenyewe. Haina jina la mtu. Inaandikwa na mhariri au msaidizi wake, lakini inasema kwa niaba ya gazeti.

Makala ya maoni ni maneno ya mtu mmoja. Jina lake limechapwa juu yake. Akiandika kila wiki mahali pale pale katika gazeti, tunasema ana safu yake.

Habari hatukuitaja, maana mnaijua. Habari ni jambo lililotokea, mahali fulani, siku fulani. Maoni ni vile mtu anavyolifikiria jambo hilo. Msichanganye pumba na mchele.

Sasa tuwatazame watu watatu. Kila mmoja alishika kalamu, na kila mmoja aliitumia kwa njia yake.

KALAMU YA KWANZA: KUTOKA GAZETINI KWENDA IKULU

Tuanze na mtu wa mkoa wetu. Benjamin William Mkapa alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938 huko Masasi. Kwao ni Lupaso. Alisoma shule za misheni huku kusini, akaenda Pugu, kisha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Huko alipata shahada mwaka 1962, na somo lake kubwa lilikuwa Kiingereza. Yaani mtoto wa Lupaso alikwenda kujifunza maneno.

Mwaka 1966 alipewa uhariri wa magazeti mawili ya TANU. Moja ni Uhuru, la Kiswahili. La pili ni The Nationalist, la Kiingereza. Alikuwa hajafika umri wa miaka 30. Magazeti yale yalikuwa ya chama, na tahariri zake zilikuwa sauti ya chama. Hapakuwa na kuficha. Kila msomaji alijua gazeti ni la nani. Hilo ni jambo la kwanza la kujifunza: kila gazeti lina mwenyewe. Kabla hujaamini maoni yake, mjue mwenyewe.

Wakati huo lilikuwapo gazeti jingine la Kiingereza, The Standard, lililokuwa la kampuni ya kigeni. Tarehe 5 Februari 1970 serikali ililichukua. Mwalimu Nyerere akawa mhariri mkuu kwa cheo. Kazi ya kila siku akapewa Bi. Frene Ginwala, mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini. Mwalimu aliandika mwongozo kwamba gazeti liunge mkono siasa ya ujamaa, lakini liwe huru kukosoa vitendo vya viongozi.

Mwaka 1971 gazeti hilo lilitoa tahariri kali ya kuilaumu serikali ya Sudan kwa kuwaua wakomunisti wa nchi ile. Sudan ilikuwa nchi rafiki. Gazeti lilikuwa la serikali. Basi watu wakaisoma tahariri ile kama neno la serikali yenyewe. Bi. Ginwala akaondolewa kazini. Baadaye, mwaka 1994, alikuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini, kwa hiyo hakuwa mtu mdogo. Mnaona? Tahariri ni ukurasa usiojaa hata nusu, lakini uzito wake unamshinda mbebaji.

Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa, likazaliwa Daily News. Mkapa akawa mhariri wake. Kisha mwaka 1974 Mwalimu Nyerere akamwita Ikulu awe Mwandishi wa Habari wa Rais.

Hapo kalamu ikabadili kinywa. Jana mtu alikuwa upande wa wanaouliza, leo yuko upande wa wanaojibu. Mhariri anajiuliza, "Wasomaji wanataka kujua nini?" Msemaji wa Rais anajiuliza, "Rais anataka watu waelewe nini?" Maswali hayo si mamoja. Siku nyingine yanakutana, siku nyingine yanapishana.

Tuseme ukweli pia, Mwalimu mwenyewe alikuwa mwandishi hodari. Maandishi yake mengi yametoka mkononi mwake. Lakini naye alisaidiwa. Bi. Joan Wicken, Mwingereza, alikuwa msaidizi wake binafsi kwa miaka mingi tangu 1960, na alisaidia kuandaa hotuba. Jina lake halikutajwa mikutanoni. Ndivyo kazi ile ilivyo. Mpishi yuko jikoni, wageni wanamsifu mwenye nyumba.

Mkapa hakukaa jikoni muda mrefu. Mwaka 1976 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania, lile tuliloliita Shihata. Mwaka 1977 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Alikuwa mbunge wa Nanyumbu tangu 1985 mpaka 1995. Tarehe 23 Novemba 1995 akaapishwa kuwa Rais, akatoka madarakani tarehe 21 Desemba 2005.

Sasa akawa yeye ndiye kinywa. Wengine wakamwandikia yeye. Alizoea kulihutubia taifa kila mwisho wa mwezi, na wengi wenu mliokuwa na redio mnakumbuka. Alieleza mambo ya kodi, ya madeni ya nchi na ya kuuza mashirika ya umma. Alieleza kwa utulivu, kama mwalimu darasani. Hata hivyo, wananchi nao walikuwa na neno lao. Mtaani likazuka neno "ukapa", maana yake kukosa pesa. Hakuna mwandishi wa hotuba aliyelitunga neno lile. Watu wenyewe walilitunga, wakalisema sokoni na kwenye mabasi. Hiyo nayo ilikuwa risala, ingawa haikuandikwa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la mto Rufiji, likapewa jina la Mkapa. Mliosafiri kwenda Dar es Salaam zamani mnajua taabu ya kivuko cha Ndundu. Daraja lile halihitaji hotuba. Kila anayepita juu yake anajua lipo. Basi hicho ndicho kipimo cha maneno ya kiongozi. Tunayasikiliza, tunayaandika, kisha tunangoja tuone daraja.

Alipostaafu, Mkapa alirudi kwenye kalamu. Mwaka 2016 aliandika makala ya maoni kuupinga mkataba wa biashara kati ya nchi za Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Alisema bidhaa za Ulaya zikiingia bila ushuru, viwanda vyetu vichanga havitaweza kushindana nazo. Tanzania ilikataa kutia sahihi mwaka ule, na Kenya na Rwanda zikatia. Wako waliokubaliana naye, wako waliompinga. Lakini kila msomaji alijua nani anasema, maana jina lilikuwa juu ya makala.

Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake. Humo alitaja mauaji ya Januari 2001 huko Zanzibar, yaliyotokea yeye akiwa Rais, akayaita doa katika uongozi wake. Alifariki dunia tarehe 24 Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso. Mambo ya kitabu kile hayakuwa ya kusema katika hotuba za wakati ule. Yalingoja kalamu isiyo na cheo. Nasi tuseme wazi: kwa waliofiwa, miaka 18 ni mingi ya kungoja neno.

KALAMU YA PILI: KUTOKA IKULU KWENDA GAZETINI

Mtu wa pili alipita njia ile ile, lakini alianzia mwisho wake. Huyu ni Mmarekani, jina lake William Safire. Alimwandikia hotuba Rais Richard Nixon mpaka mwaka 1973.

Mjue kazi yake kwa mfano mmoja. Julai 1969 Wamarekani walipeleka watu mwezini kwa mara ya kwanza. Kila mtu alingoja furaha. Lakini Safire aliagizwa kuandaa hotuba nyingine, ya msiba, kama watu wale wangekwama kule wasirudi. Aliandika. Watu wakarudi salama, hotuba ikawekwa kwenye faili. Ulimwengu uliijua miaka 30 baadaye. Mwandishi wa hotuba hulia kabla ya msiba na hufurahi kabla ya harusi. Maneno yake yako tayari kabla jambo halijatokea. Kwa hiyo mkisikia hotuba inayogusa moyo, guswni moyo, lakini kumbukeni kwamba iliandikwa mezani.

Mwaka 1973 Safire aliacha kazi Ikulu ya Marekani, akapata safu ya maoni katika gazeti kubwa la New York Times. Wengi hawakumpenda. Walisema, "Huyu ni mtu wa Nixon, ataandika kumtetea Nixon." Na kweli, mwaka 1974 Nixon alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate, yaani watu wake walivunja ofisi ya chama cha upinzani na yeye akasaidia kuficha.

Lakini likatokea jambo. Safire aligundua kwamba, wakati akimtumikia Nixon, simu ya nyumbani kwake ilikuwa ikisikilizwa kwa siri na serikali ile ile. Yeye anaandika hotuba za mkubwa wake, na watu wa mkubwa wake wanatega masikio nyumbani kwake! Alikasirika sana. Tangu siku hiyo aliandika mara nyingi kupinga serikali kuwachungulia raia. Mwaka 1978 alipata tuzo kubwa ya waandishi, iitwayo Pulitzer, kwa makala juu ya mambo ya fedha ya ofisa mmoja mkubwa wa Rais Carter. Aliendelea na safu yake ya siasa mpaka mwaka 2005.

Je, alikuwa sahihi siku zote? La. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, alishikilia kwamba mmoja wa washambuliaji alikutana na jasusi wa Iraq katika mji wa Prague. Alilirudia jambo hilo zaidi ya mara moja. Marekani ikaingia vitani Iraq mwaka 2003. Mwaka 2004 tume ya uchunguzi ya Marekani ikasema haikuona ushahidi kwamba watu wale walikutana.

Hapa pana funzo. Mwandishi wa hotuba amezoea kumshawishi msikilizaji. Anajua kupanga maneno mpaka yakubalike. Akihamia gazetini anahama na ustadi wake. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini hayambadili nyoka kuwa samaki. Ukisoma makala tamu, uliza, "Ushahidi uko wapi? Nani aliona? Lini?" Kuuliza si ujinga, hata ukimwuliza mtu mwenye tuzo.

KALAMU YA TATU: HUKU NA HUKU KWA WAKATI MMOJA

Mtu wa tatu ni jirani yetu, John Nagenda wa Uganda. Alizaliwa mwaka 1938, mwaka ule ule wa Mkapa. Naye pia alisoma Makerere. Alikuwa mchezaji wa kriketi, na mwaka 1975 aliichezea timu ya Afrika Mashariki katika mashindano ya Kombe la Dunia la mchezo huo.

Nagenda alikuwa mshauri mwandamizi wa Rais Museveni katika mambo ya habari. Wakati huo huo alikuwa na safu yake ya maoni katika gazeti la New Vision, iliyotoka kila Jumamosi. Yaani siku za kazi anamshauri Rais, na Jumamosi anaandika maoni yake. Alifariki mwaka 2023.

Watu wengine walisema jambo hilo si zuri, maana mtu hawezi kuwa refa na mchezaji. Wengine walisema, "Afadhali huyu, maana cheo chake kinajulikana. Tunajua anasimama wapi, na tunampima hivyo." Sisi tunaona pande zote mbili zina neno. Hatari iko pale msomaji asipojua. Anayekula mezani kwa mtu akimsifu mpishi, si lazima awe mwongo. Chakula chaweza kuwa kizuri kweli. Lakini aseme kwanza kwamba anakula pale.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Tumeona kalamu tatu. Moja ilitoka gazetini ikaenda Ikulu. Nyingine ilitoka Ikulu ikaenda gazetini. Ya tatu ilikaa pote pawili. Swali la msomaji kwa zote ni moja tu: kalamu hii leo inamtumikia nani?

Msidhani swali hilo ni la starehe. Sisi wa Mtwara tunajua maneno yanavyoweza kugharimu. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wengi waliandamana Mtwara kueleza wasiwasi wao juu ya bomba la kupeleka gesi asilia Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei 2013 hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa Bungeni Dodoma, na bomba lilikuwamo. Siku ile ile vurugu zikazuka huku. Watu walikufa. Nyumba na ofisi zilichomwa.

Hatuyataji haya ili kutonesha kidonda. Tunayataja kwa sababu ni somo la maneno, na waliolipa ada yake ni watu wetu. Hebu tujiulize maswali mawili. La kwanza: wangapi waliisoma hotuba ile ukurasa kwa ukurasa, na wangapi waliipata kwa kusimuliwa njiani? Hotuba ya bajeti huchapwa. Anayejua kusoma anaweza kuitafuta akaona lililosemwa na lisilosemwa. La pili: aliyeiandika hotuba ile, je, alikuwa na maneno ya watu wa Mtwara mezani kwake alipokuwa akiandika? Maana hotuba isiyojibu risala ni kama mtu anayezungumza na ukuta. Na watu wasiojibiwa huacha kuzungumza, wakatafuta njia nyingine.

Basi risala yenu si pambo la sherehe, bali ni nusu ya mazungumzo.

NAMNA YA KUANDIKA RISALA

Risala nyingi tunazozisikia zinafanana. Zinaanza hivi: "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wananchi tuna furaha isiyo na kifani kukupokea, na tunakupongeza kwa kazi nzuri unayoifanya usiku na mchana." Maneno hayo yanajaza ukurasa mzima. Mwisho kabisa kuna mstari mmoja: "Pia tunazo changamoto ndogo ndogo za maji." Mgeni anapiga makofi, anapanda gari, vumbi linatimka. Hajasikia kitu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Heshima ni lazima, wala hatusemi muache kumkaribisha mgeni. Mkaribisheni kwa sentensi mbili, kisha semeni mlichotumwa. Tuseme kisima kimekauka. Andikeni hivi:

"Kisima chetu kilikauka mwezi wa nane. Kaya 140 zinatumia maji ya bondeni. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa mbili. Mwezi wa kumi tuliandika barua kwa ofisi ya maji, na nakala hii hapa. Hatujapata jibu. Tumekusanya mawe na mchanga. Tunaomba fundi, mabomba na pampu. Tunaomba kujua ni mwezi gani kazi itaanza."

Mnaona? Maneno machache. Yana hesabu, yana mwezi, yanaonyesha watu wamefanya nini wenyewe, na yana ombi lisiloweza kujibiwa kwa kicheko. Hayamtukani mtu, wala hayamnyenyekei mtu kupita kiasi.

Kabla ya siku yenyewe, fanyeni mambo manne.

Kwanza, mwandishi asiandike peke yake chumbani. Akae na kina mama wanaochota maji, na wazee, na vijana. Aulize, asikilize, ndipo aandike.

Pili, risala isomwe mkutanoni kabla mgeni hajafika. Mtu akisema, "Hapo si kweli," parekebishwe. Ikiwa mwenyekiti anataka jambo la kweli lifutwe ili mgeni asichukie, wananchi waamue, siyo mwandishi wala mwenyekiti peke yake.

Tatu, nakala moja ibaki kijijini, katika faili.

Nne, mgeni akijibu, mtu mmoja aandike jibu lake na tarehe. Mwaka ujao akija, au akija mwingine, risala mpya ianze pale jibu la zamani lilipoishia. Hapo mtakuwa mmeshika pande zote mbili za mazungumzo.

NAMNA YA KUANDIKA MAONI GAZETINI

Siku nyingine mtu ana neno lake mwenyewe, si la kijiji. Hilo aliandikie gazeti. Hapo unaweka chini kalamu ya kijiji, unashika ya kwako. Sheria zake ni nyingine.

Sema "mimi", usiseme "sisi wananchi", kama wananchi hawakukutuma. Andika jina lako. Kama una cheo kinachohusu jambo hilo, kitaje. Kama ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi na unaandika juu ya bei ya korosho au makato ya ghalani, sema kwamba ni mjumbe. Msomaji atakupima, na akikukubali atakuwa amekukubali wewe mzima. Tenganisha ulichokiona na unachokifikiri. "Niliona magunia yamenyeshewa" ni habari. "Mtunza ghala ni mzembe" ni maoni, na usiyaandike mpaka umemwuliza yeye naye anasema nini.

Ukigundua ulilolisema si sawa, andika tena kusahihisha. Gazeti halitakasirika. Karatasi za makosa zinadumu kuliko sauti ya makosa.

Ndugu zetu, miaka ile mlipokuwa mkiweka alama ya dole gumba, mtu mwingine ndiye aliyewasomea na mtu mwingine ndiye aliyewaandikia. Mlilazimika kumwamini. Leo kalamu iko mkononi mwenu. Wako watakaoikodi kwa soda na maneno matamu ili iandike wanachotaka wao. Mkubali kumwandikia mwingine mkitaka, maana ni kazi halali. Lakini mjue siku hiyo mnamtumikia nani, na anayewasikiliza naye ajue.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Risala ya mwisho iliyosomwa kijijini kwenu ilitaja mambo gani? Nani aliiandika, na aliwauliza nani kabla ya kuandika?

2. Chukueni gazeti moja. Tafuteni habari moja, tahariri moja na makala moja ya maoni. Mmezitambuaje?

3. Mtu anayemshauri kiongozi akiandika maoni gazetini, je, mtamwamini sawa na mwingine? Toeni sababu.

4. Kijiji chenu kina shida gani moja kubwa kuliko zote? Iandikeni kwa sentensi sita, zenye hesabu na tarehe, kama risala. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasahihishe.

5. Kiongozi gani aliwaahidi jambo, siku gani? Je, mliliandika?